Bloku ndogo, ujazo mkubwa

Mafundi wa boti za kasi nchini Marekani huita “bloku ndogo” injini inayozidi lita sita, na wako sahihi. Udogo ni wa umbo na uzito wa bloku. Ujazo ni nafasi inayopitiwa na pistoni ndani ya silinda zote, zile “sisi” za wauza magari. Neno letu ujazo ni zuri, tusiliache lichanganywe na ukubwa.

V8 ya bloku ndogo ya Chevrolet ilianza mwaka 1955 na lita 4.3. Mwaka 1970 ikafika 6.6, ikaipita bloku kubwa ya lita 6.5 ya 1965, ingawa umbali kati ya vitovu vya silinda haukubadilika.

Botini injini nyingi hukaa tezini, na uzito ukizidi huko chombo huchelewa kupanda juu ya maji. Ujazo nao huipa rafadha nguvu mapema bila kuikimbiza mno injini, ambayo majini haipati mteremko wa kupumzikia. Lakini silinda za ile ya 6.6 zimeshikana, maji ya kupoza hayapiti kati yake. Kwa hiyo wengi huchukua bloku ya lita 5.7, wakaipa mwendo wa pistoni wa ile ya 6.6, wakapata lita 6.3.