Nyumba za Victoria za San Francisco: Moto haukuzimaliza, mipango ya jiji nusura izimalize

Kama umewahi kutazama tamthilia ya vichekesho ya Full House, basi nyumba hizi umeshaziona. Ni zile za mbao zenye rangi za kuvutia, zimepangana kwenye mteremko, na nyuma yake yanaonekana maghorofa ya katikati ya jiji.

Watu huziita Painted Ladies, yaani mabibi waliojiremba. Ziko mtaa wa Steiner, San Francisco, Marekani, zikitazamana na bustani ya Alamo Square. Zilijengwa kati ya mwaka 1892 na 1896 na mjenzi Matthew Kavanaugh.

Lakini hizo ni chache tu kati ya nyingi. Inakadiriwa kuwa kati ya 1849 na 1915 jiji hilo lilijengwa nyumba 48,000 za mitindo ya Victoria na ile iliyofuata ya Edward.

Kwa nini zinaitwa za Victoria?

Jina linatokana na Malkia Victoria wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Ndiye yule yule ambaye Ziwa Victoria letu lilipewa jina lake. California hakuitawala, ila mitindo ya ujenzi ya enzi zake ilivuka bahari.

Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, watu walimiminika San Francisco na nyumba zikahitajika haraka. Mbao zilikuwepo tele kutoka misitu ya miti mikubwa ya redwood iliyo karibu. Mashine za viwandani zilikata na kukereza mapambo kwa wingi, hivyo hata mtu wa kipato cha kati aliweza kuchagua nakshi za nyumba yake.

Utazitambuaje?

Anza na madirisha. Viwanja vingi vilikuwa vyembamba, upana wa kama mita 7.6 tu, na nyumba zilibanana ubavu kwa ubavu. Mwanga ulitegemea zaidi upande wa mbele, ndiyo maana madirisha yalijengwa yakitokeza nje ya ukuta. Kisha angalia mtindo:

• Wa Kiitaliano (miaka ya 1870): dirisha lililotokeza lina pande za mshazari. Juu kuna ukuta unaoficha paa, na chini ya ukingo wake kuna vishikizo vya mbao vilivyochongwa.

• Stick (miaka ya 1880): dirisha lililotokeza ni la mraba. Uso wa nyumba umepambwa kwa vipande vya mbao vilivyonyooka kutoka juu hadi chini.

• Queen Anne (miaka ya 1890): paa la pembetatu linaonekana wazi, mara nyingi kuna mnara wa duara pembeni, na ukuta una vigae vya mbao vilivyokatwa kama magamba ya samaki. Painted Ladies ziko kundi hili.

Moto wa 1906

Aprili 18, 1906, tetemeko kubwa liliipiga San Francisco. Moto uliofuata uliwaka kwa siku kadhaa na kuteketeza majengo zaidi ya 28,000. Inakadiriwa watu 3,000 walifariki.

Wanajeshi walilipua nyumba za barabara pana ya Van Ness kwa baruti ili moto ukose pa kupita. Ulizuiwa hapo, na mitaa mingi iliyoko magharibi ya barabara hiyo ikasalimika. Ndiyo maana nyumba nyingi za Victoria unazoziona leo ziko upande huo.

Pigo la pili halikuwa la asili

Miongoni mwa maeneo yaliyosalimika ni Western Addition, lenye mtaa maarufu wa Fillmore. Wamarekani wenye asili ya Japani waliishi hapo hadi 1942, serikali ilipowaondoa na kuwapeleka kambini wakati wa vita. Wamarekani weusi waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya meli wakahamia. Idadi ya watu weusi jijini ilipanda kutoka chini ya 5,000 mwaka 1940 hadi zaidi ya 43,000 mwaka 1950. Fillmore ikawa kitovu cha muziki wa jazi.

Mwaka 1948 jiji likalitangaza eneo hilo kuwa limechakaa. Katika miongo iliyofuata takribani nyumba 2,500 za Victoria zilibomolewa, na maelfu ya familia zikahamishwa. Walipewa vyeti vya kuwapa kipaumbele cha kurudi, lakini wengi hawakurudi kamwe.

Nyumba chache zilipata bahati. Mwaka 1974, nyumba 12 zilinyanyuliwa zima zima, zikapakiwa kwenye malori na kupelekwa mitaa mingine.

Rangi zilirudi lini?

Rangi hizo kali si za zamani kama wengi wanavyodhani. Baada ya vita nyumba nyingi zilikuwa za kijivu. Wakazi na wapaka rangi walianza kuzipaka rangi nyingi miaka ya 1960, na jina Painted Ladies likaenea kupitia kitabu cha mwaka 1978 cha Elizabeth Pomada na Michael Larsen.

Leo nyumba moja ya mtaa wa Steiner huuzwa kwa mamilioni ya dola, na watalii hupiga picha mbele yake kila siku. Mtaa wa Fillmore hauko mbali, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Huko, palipokuwa na nyumba kama hizo, sehemu kubwa imejaa majengo ya kisasa.