Uchunguzi wa demensia, Kitui na Makueni
Uchunguzi wa demensia ni upimaji wa mtu anayepoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ili kubaini kama ana tatizo linalotibika. Matatizo hayo ni pamoja na upungufu wa vitamini B12 au wa homoni ya thairoidi, sonona, kaswende iliyofika ubongoni, VVU, ulevi, dawa za usingizi, na damu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla huashiria zaidi maambukizi au kushuka kwa sukari kwenye damu.

Daktari humhoji mgonjwa na jamaa anayeishi naye, hukagua dawa anazotumia, kisha huagiza vipimo vya damu. Picha ya CT ya kichwa huhitajika hasa ikiwa mgonjwa alianguka.

Hospitali za rufaa za kaunti za Kitui na Makueni, nchini Kenya, ziko katika miji ya Kitui na Wote. Kaunti ya Makueni ilihusishwa katika utafiti wa demensia chini ya mradi wa kimataifa wa STRiDE, ulioanza mwaka 2018.

Tiba ya tatizo lililogunduliwa hairejeshi kumbukumbu zote kila mara, kwani mgonjwa huyo huyo anaweza pia kuwa na ugonjwa wa Alzheimer.