Pipa la Bibi

Mwaka 1971 Serikali iliahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji wa Tanzania atapata maji karibu na kwake. Wanging'ombe ikapata mradi wa maji ya mserereko kwa msaada wa UNICEF. Bibi aliyafurahia mabomba, lakini pipa lake la kukinga mvua hakuliondoa. "Bomba ni la kunywa," aliniambia. "Bustani ina pipa lake."

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mimi nililijua hilo chuoni. Yeye alilijua kwa matuta ya chainizi. Katika nyaraka nilizosoma, mabomba yamehesabiwa. Pipa halimo. Tasnifu yangu inaanzia hapo.