Cheti cha jengo la kijani: Kazi haiishii kwenye ramani

Mwaka 2019 kampuni ya Acorn Holdings, inayojenga hosteli za wanafunzi za Qwetu na Qejani jijini Nairobi, ilikusanya Sh4.3 bilioni za Kenya kwa kuuza hatifungani ya kijani, ya kwanza nchini humo. Januari 2020 iliorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi, kisha London.

Pesa hizo zilikuja na sharti. Zilipaswa kujenga hosteli zinazohifadhi mazingira, na ushahidi wake ni cheti cha EDGE.

EDGE ni nini?

Ni mfumo wa IFC, taasisi iliyo chini ya Benki ya Dunia. Jengo linalinganishwa na jengo la kawaida la eneo hilohilo. Ili kupata cheti, lazima liokoe angalau asilimia 20 katika mambo matatu: umeme na nishati nyingine, maji, na vifaa vya ujenzi. Likifikisha mawili tu, limekosa.

Asilimia hizo zinatoka wapi?

Mara nyingi ni kwenye vitu vidogo. Koki na bafu za maji kidogo, vyoo vya vitufe viwili, taa za LED, maji ya moto ya sola, paa la rangi inayorudisha joto, matofali yenye matundu na madirisha yasiyozidi kiasi. Kwenye hosteli yenye mamia ya vyumba, koki moja inajirudia mara mamia.

Hatua ni mbili

Kwanza, ramani na mahesabu hukaguliwa, na kampuni hupewa cheti cha awali. Pili, jengo likikamilika, mkaguzi anafika saiti kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichojengwa. Anataka picha, risiti na hati za mizigo iliyopokelewa.

Hapa ndipo wengi wanaweza kukwama. Fundi akikosa koki iliyopangwa, akanunua ya bei rahisi duka la jirani, hesabu ya maji inabadilika. Risiti ikipotea, hakuna ushahidi. Na kama pesa ya ujenzi imefungwa kwenye cheti, kosa hilo si la fundi tena, ni deni la kampuni kwa wawekezaji. Ndiyo maana storekipa na msimamizi wa saiti wanapaswa kujua masharti tangu siku ya kwanza, si mshauri peke yake.

Je, bili itapungua?

Cheti cha kawaida kinatokana na makadirio, si bili. Ngazi ya juu kabisa, ya jengo lisilochangia hewa ukaa, ndiyo hudai takwimu za angalau mwaka mmoja wa matumizi. Kwa ngazi nyingine, mpangaji akiacha bomba wazi, cheti ukutani hakitaokoa tone.