Kati ya Kujua na Kuondoa: Asbesto katika Kampasi ya Jussieu, Paris, 1964–2018

Historia ya asbesto katika majengo ya vyuo vikuu huandikwa mara nyingi kama historia ya ujinga uliotoweka: watu hawakujua, kisha wakajua, hatimaye wakaondoa. Kampasi ya Jussieu jijini Paris haikubaliani na masimulizi hayo. Waliofundisha na kufanya utafiti humo walitambua hatari hiyo katikati ya miaka ya 1970, ilhali uamuzi wa kuiondoa asbesto yote ulichukuliwa mwaka 1996. Insha hii inadai kwamba miaka hiyo ishirini haikuwa miaka ya kutojua. Ilikuwa miaka ambamo sheria ilipima hatari mahali pamoja na kuiacha bila kipimo mahali pengine.

Ujenzi wa kampasi ulianza mwaka 1964, katika eneo lililokuwa soko la mvinyo, kwa michoro ya msanifu Édouard Albert. Majengo yake ni mifupa ya chuma iliyopangwa kama wavu, na chuma hupoteza nguvu zake kinapopata joto kali. Ndiyo maana mihimili ilinyunyiziwa mchanganyiko wenye asbesto, uliobaki umegandamana juu ya dari kama sufi. Si haki kuwadhihaki wajenzi kwa hofu yao ya moto. Tarehe 6 Februari 1973, shule moja ya Paris yenye kiunzi cha chuma, iliyokuwa katika barabara ya Édouard-Pailleron, iliteketea na watu 20 wakafa, wengi wao watoto. Kinga dhidi ya moto ilikuwa haja ya kweli. Kosa lilikuwa katika kitu kilichochaguliwa kuitimiza.

Sufi hiyo haikutulia. Vumbi lilidondoka juu ya meza na vitabu, na wafanyakazi wakaunda kamati ya pamoja ya vyama vyao. Miongoni mwao alikuwamo Henri Pézerat, mtafiti wa kemia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kamati hiyo haikujifungia chuoni. Ilikutana na wanawake wa kiwanda cha Amisol, mjini Clermont-Ferrand, waliofuma asbesto na ambao walikuwa wamekalia kiwanda chao baada ya kufungwa. Katika makutano hayo, wasomi waliohofia kuugua waliwaona watu waliokwisha kuugua. Mwaka 1977 kamati ilichapisha kitabu cha kuonya umma, na mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza asbesto kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Serikali iliitikia, lakini kwa nusu. Unyunyiziaji ulipigwa marufuku katika majengo ya makazi mwaka 1977, na katika majengo yote mwaka 1978. Asbesto iliyokwisha kunyunyiziwa iliachwa palepale. Viwandani, agizo la Agosti 1977 liliweka ukomo wa nyuzi 2 kwa kila sentimita ya ujazo ya hewa, yaani nyuzi 2,000 kwa lita. Kuanzia mwaka 1982, Kamati ya Kudumu ya Asbesto, iliyogharimiwa na wenye viwanda huku maofisa wa serikali, madaktari na baadhi ya vyama vya wafanyakazi wakiketi ndani yake, ilieneza nadharia ya matumizi yaliyodhibitiwa: kwamba asbesto ni salama ikitumiwa kwa uangalifu.

Nadharia hiyo ina udhaifu ambao jengo la chuo huudhihirisha kuliko kiwanda. Kiwandani, anayegusa asbesto anajulikana. Chuoni, fundi wa umeme huinua kipande cha dari ili apitishe waya, fundi bomba hutoboa ukuta, maabara huhamishwa, na kila tendo hutikisa nyuzi bila yeyote kuitwa mfanyakazi wa asbesto. Haishangazi kwamba mafundi wa matengenezo walikuwa miongoni mwa wagonjwa wa Jussieu.

Ukimya ulivunjwa kutoka nje ya Paris. Mwaka 1994 wajane wa walimu wa shule ya ufundi ya Gérardmer walifungua mashtaka, na suala likarudi hadharani. Agizo la tarehe 7 Februari 1996 liliwalazimu wenye majengo kutafuta asbesto, kukagua hali yake na kupima hewa: chini ya nyuzi 5 kwa lita, ukaguzi wa vipindi, zaidi ya 25, kazi ya kuondoa au kufunika ianze. Tukilinganisha na ukomo wa viwandani wa mwaka 1977, tofauti ni mara 400 kati ya 2,000 na 5. Vipimo hivyo viwili havikukusudiwa watu walewale. Hata hivyo tofauti hiyo inaonyesha jinsi neno “salama” lilivyobeba maana mbili. Julai mwaka huo Rais Jacques Chirac aliahidi kwamba kabla ya mwisho wa mwaka hakungekuwa na mwanafunzi Jussieu. Marufuku ya asbesto ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1997. Ahadi ya Rais haikutimia.

Kuondoa kulikuwa kugumu kuliko kunyunyizia. Kila sehemu ilibidi ihamwe, izibwe kwa plastiki, hewa yake ivutwe kupitia vichujio, na wafanyakazi waoge kabla ya kutoka. Maabara zilihama kwa zamu, nyingine hazikurudi. Chuo Kikuu cha Paris 7 kilipata makao mapya. Mwaka 2011 Mahakama ya Hesabu ilikosoa gharama na ucheleweshaji, na ukarabati ulikamilika mwaka 2016.

Mashtaka ya jinai yaliyofunguliwa na wagonjwa mwaka 1996 yalikwenda polepole zaidi. Saratani ya utando wa mapafu huchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza, na mahakama ya rufani ilitaka kujua ni lini hasa mgonjwa alivuta madhara hayo, ili ijulikane nani alikuwa na wajibu siku hiyo. Tarehe hiyo haikuweza kutajwa. Mwaka 2018 mahakama ya juu kabisa iliunga mkono kufutwa kwa tuhuma dhidi ya watuhumiwa wa kesi ya Jussieu.