Tarikhi ya Mafuta Mekundu na Kuvuja kwa Giaboksi

Magari yaliyotangulia kuenea katika barabara zetu, yale malori ya Bedford na zile Land Rover za idara za serikali, yalikuwa na giaboksi za kubadili kwa mkono, na ndani yake mlikuwa na oili nzito ambayo hata ikivuja ilivuja taratibu, dereva akaongeza kidogo, akaifuta mikono yake na kushika njia. Giaboksi ya oto ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa mafuta yake hayalainishi meno tu, bali ndiyo yanayobeba nguvu ya injini, ndiyo yanayosukuma vibao vya klachi, na ndiyo yanayoondoa joto. Yakipungua lita moja au mbili, gari huanza kuteleza gia, na mwenyewe akikaidi kusimama, vibao huungua. Kwa hiyo tarikhi ya giaboksi hii haitengani na tarikhi ya jitihada za wanadamu za kuyazuia mafuta yake yasitoke nje.

Asili ya jambo lenyewe ni baharini. Mwaka 1905 mhandisi wa Kijerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya merikebu ya Vulcan mjini Stettin, alitafuta njia ya kuunganisha mtambo wa mvuke uzungukao kasi mno na rafadha itakiwayo kwenda polepole, akabuni chombo ambacho ndani yake mapanga ya upande mmoja husukuma umajimaji, na umajimaji ule huzungusha mapanga ya upande wa pili, pasi na chuma kugusa chuma. Fikira hiyo ilihamia kwenye magari, hata kampuni ya General Motors ya Marekani ikaweza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, nayo ndiyo giaboksi ya kwanza ya oto kamili kuundwa kwa wingi. Na Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto ikafungwa pia katika vifaru vyepesi vya M5.

Sasa, chombo kilichojaa mafuta ya moto yenye shinikizo, na katikati yake mhimili unaozunguka mfululizo, lazima kiwe na mlinzi mahali mhimili unapotokea nje. Zamani mlinzi huyo alikuwa ngozi ya mnyama iliyoloweshwa mafuta. Mwaka 1929 Walther Simmer, wa kiwanda cha ngozi cha Freudenberg mjini Weinheim, aliiweka ngozi hiyo ndani ya pete ya chuma, na mwaka 1936 kiwanda hichohicho kikaanza kutumia mpira wa kutengenezwa badala ya ngozi. Sili ambayo fundi wa leo huichokoa kwa bisibisi ni mjukuu wa pete hiyo: mdomo mwembamba wa mpira uliokumbatiwa na springi ndogo, usiozidi unene wa ukucha, unaotarajiwa kuhimili mamilioni ya mizunguko.

Walakini mpira hauishi peke yake. Huishi pamoja na mafuta uliyozoeshwa, na hapa ndipo habari inapokuwa ya ajabu. Mwaka 1949 General Motors iliweka masharti ya mafuta maalumu ya giaboksi za oto, yaliyoitwa Type A, yakatiwa rangi nyekundu ili yasichanganywe na oili ya injini. Na miongoni mwa vilivyotiwa ndani yake ni mafuta ya nyangumi, yule yule ambaye watu wa pwani yetu tangu kale wamemjua kwa ambari yake, na ambaye katika karne ya 19 majahazi ya Wamarekani yalimwinda katika Bahari ya Hindi, yakitia nanga Unguja kutafuta maji na vyakula. Mafuta ya nyangumi huyu yana sifa adimu, kwamba hustahimili joto na shinikizo bila kugeuka ulimbo, na huvifanya vibao vya klachi vishikane kwa upole pasipo kushtuka. Haya hata katika Dexron, mafuta mapya ya General Motors yaliyotoka mwaka 1967, yalikuwemo. Ajabu ni kwamba mwenye gari la fahari, akipita mitaa ya Chicago kwa utulivu, hakujua kabisa kwamba ulaini ule anaousifu umetoka katika kichwa cha mnyama wa bahari kuu.

Mwaka 1970 serikali ya Marekani ilimtia nyangumi huyo katika orodha ya viumbe waliokaribia kutoweka, na biashara ya mafuta yake ikafungwa. Nionavyo mimi, hukumu ile ilikuwa ya haki. Lakini wahandisi walijikuta na mtihani, maana mafuta mapya waliyoyaunda kwa haraka hayakuwa na tabia za yale ya kwanza, na mojawapo ya madhara yaliyodhihirika ni kuliwa kwa lehemu za kipoozi cha mafuta kilichofichwa ndani ya rejeta. Kipoozi kikitoboka, mafuta hayadondoki chini hata yakaonekana. Huvuja kwa ndani, yakakutana na maji ya rejeta, na mchanganyiko wake ukawa kama maziwa ya rangi ya waridi, na giaboksi ikafa bila ya tone moja kuonekana sakafuni. Ikalazimu mafuta yaundwe upya kwa mara nyingine, yawe na dawa ya kuzuia kutu.

Kuanzia hapo fundi mwenye busara akajua kwamba mahali tone lilipoanguka si lazima pawe ndipo lilipotoka. Gari likienda, upepo huyasukuma mafuta kuelekea nyuma, na tone lililotoka mbele hukutwa limening'inia kwenye kipande cha mwisho. Usukani wa mafuta nao, katika magari mengi, hutumia mafuta mekundu yaleyale, kwa hiyo mpira wake ukivuja juu, lawama huiangukia giaboksi iliyo chini. Basi kazi huanza kwa kuosha: sehemu yote ya chini isafishwe, ikaushwe, ipakwe poda, kisha gari liendeshwe kidogo, na mstari mwekundu utajichora wenyewe juu ya weupe. Yapo pia magari yasiyovuja yakitembea ila yakilala, kwa sababu injini ikizimwa mafuta yaliyokuwa ndani ya konveta, yaani kile chombo cha mapanga, hurudi taratibu chini, kimo kikapanda, yakafikia sili chakavu ambayo mchana haikuwa na la kuzuia.

Katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na zile za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambako magari ya oto kutoka Japani yamejaa tangu miaka ya 1990, maradhi mengi ya namna hii hutokana na mkono wa mtu. Bolti za sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi, ni ndogo, nazo hukazwa kwa nguvu za kukaza gurudumu, ukingo wa sampu ukapinda na gasketi ikapasuka. Au gundi ya silikoni hupakwa kwa wingi hata ikaingia ndani na kuziba chujio. Kadhalika mafuta humiminwa kwa kuangalia wekundu tu, ilhali rangi ni dalili ya kutambulisha wala si dalili ya ubora, na yasiyoafikiana na giaboksi yaweza kuukakamaza mpira kabla ya wakati wake.

Sili ya mbele, ile iliyo kati ya konveta na giaboksi, ni kitu cha bei ndogo, lakini kuifikia ni kazi ya kushusha giaboksi nzima. Basi kila giaboksi ishushwapo kwa sababu yoyote, mwenye gari na aombe sili hiyo ibadilishwe hata kama bado haijavuja, na amimine mafuta ya jina lile lile lililoandikwa katika kitabu cha gari lake.