Arusha Walipatana, Garissa Hawakuulizwa

Wabera Street, hapa katikati ya tao, imebeba jina la Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo aliyepigwa risasi Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Wote wawili walikuwa watu wa kaskazini, na wote walipinga eneo hilo kujitenga na Kenya ili liungane na Somalia. Uhuru ulikuwa haujafika hata. Mwaka haukuisha kabla nchi kuingia Vita vya Shifta.

Naviongelea kwa sababu kila majirani zetu wanapochapana, mabishano yetu huwa na kambi mbili: tupige, ama tuongee. Vita vya Shifta vilijaribu njia zote mbili, na nikiangalia matokeo naona kambi zote zinaruka swali moja. Tuongee na nani?

Mwaka 1962 Waingereza walituma tume iwaulize watu wa NFD, eneo la mpaka wa kaskazini, wanataka nini. Wasomali, ambao ndio walikuwa wengi, walisema wanataka kujiunga na Somalia. Machi 1963 London ikaamua eneo libaki Kenya, na Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa hasira. Bendera yake ilikuwa tayari na nyota ya ncha tano, ncha moja ikiwa ya NFD.

Kenyatta akairithi kesi hiyo. Tarehe 25 Desemba 1963, siku 13 tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki. Waasi nao wakaitwa shifta, yaani majambazi. Nadhani jina hilo lilifanya kazi kubwa kuliko bunduki. Ukishamwita mtu jambazi, madai yake si siasa tena, na hakuna anayetarajia uketi naye mezani.

Basi ikawa ni nguvu. Waasi walitega mabomu ya ardhini barabarani, serikali nayo ikaanza kuwakusanya wafugaji kwenye vijiji vyenye ulinzi. Mfugaji wa ngamia ukimfungia kijijini umemfilisi, maana mifugo hufuata mvua. Na hapa ndipo mimi hushindwa kumeza: Waingereza waliwafanyia Wakikuyu vivyo hivyo wakati wa Mau Mau, na Kenyatta mwenyewe alikamatwa chini ya hali ya hatari ya 1952.

Na mazungumzo je? Desemba 1965 Nyerere aliwaketisha wakubwa wa pande mbili Arusha, yakagonga mwamba. Kenya ilitaka Somalia ikane madai yake kwanza, na hakuna kiongozi wa Mogadishu angesema hivyo halafu abaki kitini.

Mwaka 1967 mambo yakageuka. Mohamed Haji Ibrahim Egal alikuwa waziri mkuu wa Somalia Julai, akakuta uchumi unaumia. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa na vita vya Juni, kwa hivyo ndizi za Somalia za kwenda Italia zililazimika kuzunguka Afrika nzima. Kenneth Kaunda wa Zambia akaingia kati kama msuluhishi. Septemba, kwenye mkutano wa OAU huko Kinshasa, pande mbili zilikubaliana kulinda amani mpakani na kuacha propaganda. Tarehe 28 Oktoba, Kenyatta na Egal wakatia sahihi Arusha.

Ujanja wa mapatano hayo ni kwamba hayakumtaka Egal atangaze ameisahau NFD, wala hayakumtaka Kenyatta atoe hata inchi moja. Yaliwapa kazi zinazowezekana: redio ziache matusi, uhusiano wa kibalozi urudi, hali ya hatari iondolewe taratibu pande zote za mpaka. Wale wa “tupige” watasema bila jeshi Egal hangekuja. Sawa, jeshi lilizuia eneo lisichukuliwe, hilo nakubali. Lakini karibu miaka minne ya risasi haikuleta kile kilichopatikana kwa wiki chache za kuongea.

Tatizo ni lile neno “taratibu.” Sheria za hali ya hatari kaskazini zilifutwa 1991, miaka 24 baadaye. Mwaka 1970 ilipitishwa sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyotenda huko wakati wa vita. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na vyombo vya usalama vikawaua. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliambiwa wajitokeze wathibitishe uraia wao. Wakenya wengine hawakuulizwa.

Pale Arusha walikuwepo watu wa Nairobi, wa Mogadishu na wa Lusaka. Mzee wa Garissa hakuwa na kiti, mwanamke wa Mandera ndiyo usiseme. Kenya ilipatana na jirani kuhusu raia wake yenyewe, kisha ikarudi nyumbani ikaendelea kuwaona kama majambazi waliokosa tu msaada wa nje.

Mimi bado niko kambi ya kuongea. Kaunda alionyesha inawezekana, tena haraka. Lakini nikiona picha ya marais wakishikana mikono, naangalia kwanza ni nani hayumo kwenye picha, kwa sababu mara nyingi vita huendelea kwake.